Samaki wa Turfosa

Turfosa tulimzika nyumbani kwetu Rangwe wakati wa mvua za vuli, kando ya nyumba yake, na mimi nikapewa kiti cha mbele kwa sababu mimi ndiye mke mwenza aliyebaki. Nyuma yangu walikaa wanawake wawili wa kanisa nisiowajua, wakinong'ona vile watu hunong'ona wakidhani mzee hasikii. Mmoja akasema, "Huyu wa mbele ndiye yule alilishwa sumu." Mwenzake akauliza, "Na nani?" Akajibiwa, "Na huyo aliye kwa jeneza." Nikageuka nikawatazama. Wakaanza kuimba kwa nguvu, na wimbo wenyewe ulikuwa haujaanzishwa.

Kwa hiyo nitaueleza mwaka ule mwenyewe, maana waliokuwa ndani yake wamekwisha. Dada yangu Dorka amekwenda, Boke amekwenda, shemeji yetu Ochola amekwenda, na sasa Turfosa. Nikinyamaza, watakaobaki ni wale wa kunong'ona nyuma ya viti.

Ulikuwa mwaka wa katikati ya miaka ya tisini. Mume wetu alikuwa ameshalala kaburini kitambo, na mimi nilikuwa nauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Suna, nikilala huko kwa chumba cha kukodi na kurudi nyumbani Rangwe kukiwa na jambo. Daktari Kilonzo, Mkamba mrefu wa sauti ya chini, alikuwa amenikata titi la kushoto katika hospitali ya masista iliyo nje ya mji wa Migori. Kidonda kilipopona akaniita akaniambia kisu kimeondoa shina, lakini mizizi haijulikani imefika wapi, kwa hiyo nitakuwa nikirudi kila baada ya majuma matatu kutiwa dawa kwa mshipa. Nikamuuliza dawa hiyo inafanya nini. Akasema inaua ugonjwa, na inaumiza kidogo na mwenye ugonjwa. Nikamuuliza inajuaje tofauti. Akacheka, lakini sikuona cha kuchekesha, na hata leo nikikumbuka naona swali langu lilikuwa zuri.

Wodi ya wanawake ilikuwa ndefu, ya mabati, na asubuhi mabati yalipoanza kupata jua yalilia kama mtu anayenyoosha viungo. Ilinuka dawa ya kusafisha sakafu na kabeji ya kuchemsha, kwa sababu jikoni la hospitali lilijua kabeji tu. Mgonjwa aliyetaka kula chakula cha binadamu alipikiwa na watu wake nyuma, kwa kibanda cha moshi chenye mafiga, na ukilala kitandani ulisikia wanawake wa watu wakigombania kuni na kucheka. Kitanda cha kando yangu alikuwa Boke, Mkuria wa karibu na mpaka wa Tanzania, mgonjwa wa tumbo la uzazi. Kijaluo hakujua, Kikuria sikujua, basi tuliishi kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kama panga. Siku yangu ya kwanza walinitia dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa nyekundu kama soda, Sista Benadeta akaisukuma polepole kwa bomba la sindano. Ya pili ilikuwa nyeupe kama maji, ikining'inia kwa chupa na kuingia tone kwa tone. Nilipokwenda chooni nikaona nimekojoa nyekundu, nikarudi nikikimbia na nguo mkononi. Boke akaniambia, "Rudi ulale, mama. Hiyo ni rangi tu. Mimi nilipoona yangu niliwaaga watoto wote kwa majina, kisha sikufa, nikaona aibu."

Siku hiyo sikupata baya lolote ila kutapika. Baadaye nywele zikaanza kubaki kwa mto. Suna nikawa mtu wa kutazamwa. Ilikuwa miaka ambayo mtu akikonda ana ugonjwa mmoja tu, hakuna aliyetaka kusikia habari ya titi. Hotelini nilikokunywa chai, kikombe changu kilitiwa alama ya rangi ya kucha chini, nami nikajifanya sikuona, lakini kila siku nilikigeuza nitazame kama alama ipo. Ilikuwa ipo. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kila mtu mikono kabla sijamtazama uso. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho sikumwambia mtu. Chini ya kwapa, upande ule wa kidonda, palikuwa na uvimbe kama punje ya njugu, ambao nilikuwa naupapasa kila asubuhi kabla ya kuomba. Baada ya dawa ile ya kwanza niliupapasa nikaona umepungua. Nikapapasa tena, nisijidanganye. Ulikuwa umepungua kweli.

Safari ya pili, Turfosa alikuja kunipikia. Hatukuwa maadui na hatukuwa marafiki. Tulikuwa wake wenza. Yeye alikuwa mdogo wangu kwa miaka mingi, mzaliwa wa kisiwa cha Rusinga, mwembamba, mwenye maneno machache, na mtu wa maneno machache humwachia mwenzake kazi ya kumkisia. Aliniita Mikayi, kama desturi yetu inavyotaka mke wa kwanza aitwe, na hakuwahi kukosea, hata tukiwa tumenuniana. Alipitia Homa Bay akanunua samaki mmoja wa ngege, mbichi, akamkausha kwa mafuta, akamrudisha kwa nyanya na kitunguu na maziwa lala kidogo, akaniletea na ugali wa mtama. Harufu yake ilimwinua hata Boke. Nikamwambia Turfosa, "Kaa tule." Akasema, "Kula wewe, mimi nimekula njiani." Akasimama kwa miguu ya kitanda akanitazama mdomo, tonge kwa tonge, mpaka nikamaliza. Nilimwona ananitazama. Hilo nililiweka moyoni.

Mchana Sista Benadeta akaja na dawa zake. Nyekundu ikaingia vizuri. Chupa ya maji ikafunguliwa, na haikuwa imepungua sana nilipoanza kuwashwa viganja, kisha nyayo, kisha masikio yakawa moto kama yamevutwa na mwalimu. Nikamwambia Boke, "Kunguni wa kitanda hiki wamezidi." Boke akanitazama na sura yake ikabadilika. Midomo yangu ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyebusu mzinga wa nyuki. Mapele yalinipanda kifua hadi shingo, koo likaanza kujifunga, pumzi ikawa uzi. Nilisikia Boke anapiga kelele, "Sista! Sista weee, huyu anatuacha!" Sista Benadeta alikuja mbio viatu vikilia sakafuni, akafunga dripu, akanichoma pajani, akaniinua miguu, akanifunika pua kwa kitu cha hewa. Kitu cha mwisho nilichoona kabla macho hayajafungwa na uvimbe ni Turfosa amesimama mlangoni na bakuli tupu mkononi, hasogei, halii.

Nilipoanza kurudiwa na fahamu, Dorka alikuwa amefika kutoka Homa Bay kuniona, na wodi imeshamsimulia yote. Dada yangu huyu aliuza samaki ufuoni na sauti yake ilikuwa ya ufuoni. Daktari Kilonzo akainama akaniuliza, "Mama Peres, leo umekula nini?" Ulimi wangu ulikuwa umejaa mdomo mzima, kwa hiyo Dorka alijibu. "Samaki. Samaki wa huyu hapa." Akamnyooshea Turfosa kidole. Daktari akafikiri, akasema wapo watu ambao samaki huwakataa, hata ukubwani, na kwamba nisile samaki kabla ya dawa. Dawa yenyewe ataendelea nayo safari ijayo. Akaenda zake kwa wagonjwa wengine, hakujua ameacha nini nyuma yake. Kwetu sisi maneno yale yalikuwa hukumu. Mimi? Samaki anikatae? Mimi niliyeachishwa ziwa la mama kwa supu ya samaki, niliyelea watoto kwa omena na kuuza omena na kunuka omena hadi kanisani? Kama samaki wa ziwa letu hawezi kunidhuru, na daktari mwenyewe amesema ni chakula, basi si samaki. Ni mkono uliompika.

"Umeona?" Dorka akaniambia, bila kupunguza sauti. "Na yeye hakula."

"Alisema amekula njiani," nikasema kwa mdomo mzito.

"Njiani wapi? Nani amemwona?"

Boke kutoka kitandani kwake akasema, "Nyinyi Wajaluo, mtu akipiga chafya lazima mtafute aliyeileta." Dorka akamwambia alale na augue ugonjwa wake. Boke akasema huo ndio anaougua, lakini masikio hayajaugua.

Nilirudishwa Rangwe, na Ochola, mdogo wa mume wetu ambaye ndiye aliyesimamia boma, akawaita watu kwake. Tulikunywa chai ya rangi. Kila mtu alishika kikombe chake kwa mikono miwili, na nikagundua kwamba hakuna aliyekiacha chini hata mara moja, hata Ochola katika nyumba yake mwenyewe. Dorka alisema niache kabisa habari za sindano. Alimjua mwanamke ng'ambo ya Homa Bay anayetoa sihoho, yaani lile jicho baya linaloingia mwilini pamoja na chakula, naye angenikanda na kunitoa kile samaki alichoniachia. Mzee mmoja akasema watu wa Rusinga wanajua vitu. Mwingine akasema yeye hasemi kitu, anauliza tu, mke mdogo atapata nini mkubwa akiondoka? Swali lile lilikuwa limekuja na jibu lake. Mwishoni Ochola akasema Turfosa aende kwao Rusinga mpaka jambo lijulikane. Akanigeukia, "Mikayi, unasemaje?" Nikasema nimechoka. Ilikuwa kweli nilikuwa nimechoka, na ilikuwa kweli pia kwamba sikutaka kusema ndiyo wala hapana, kwa hiyo neno la Ochola likabaki likining'inia hadi nitakapoamua. Nilikuwa namtazama Turfosa mikono. Alikuwa ameikunja mapajani, na ilikuwa imetulia sana. Mtu asiye na hatia, niliwaza, si angetetemeka? Kisha nikawaza, na mwenye hatia je, si ndiye angetetemeka?

Kesho yake asubuhi alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia. Dorka alikuwa ndani ananipepetea mtama, akaacha ungo.

"Mikayi," Turfosa akasema, "nina neno."

"Sema."

"Rudi hospitali siku yako ikifika. Usile changu, usile cha dada yako, usile cha mtu. Nenda na njaa. Maji chota mwenyewe kwa mtungi wako. Watie dawa yao. Usipovimba, usinitafute, nitakuwa nimeshafunga nguo nimekwenda Rusinga kwa miguu yangu, na watu waseme wanachosema. Lakini ukivimba, utarudi hapa uwaambie kwa mdomo wako."

Dorka akapiga makofi. "Sikilizeni! Ati ukivimba! Amekuvimbisha mara moja hakushiba, sasa anataka akurudishe kwa sindano ikumalize, halafu aseme si mimi, ni daktari!"

Turfosa hakumtazama. "Dada Dorka, kama ningetaka kumuua ningeleta samaki mbele ya wodi nzima?"

"Mjanja ndivyo anavyofanya!"

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi, yananizunguka kama nzi. Nikigeuza upande huu, naona Turfosa ananionyesha njia ya kujua. Nikigeuza upande ule, naona ananisukuma kwenye shimo lile lile na safari hii mikono yake ni misafi. Kisha nikaanza kumshuku hata Dorka. Mbona anaharakisha nisirudi hospitali? Yule mwanamke wa sihoho ni nani wake? Mtu akishaanza kuonja kila kitu anasikia uchungu hata kwa maji. Wakati huo nilikuwa nasonga ugali wangu mwenyewe nikiwa nimekalia kigoda, pumzi inakatika, kwa sababu sikutaka mkono wa mtu kwa sufuria yangu. Kilichonipeleka Migori si Turfosa wala Dorka. Ni ile njugu ya kwapani. Kila asubuhi niliipapasa, na niliona inaanza kurudi. Ningeweza kungoja nijue nani ananidanganya, lakini yenyewe haingoji.

Nilifika wodini na njaa ya tangu jana, chupa yangu ya maji nimeifunga kwa leso. Dorka alikuja nami, amenuna. Sista Benadeta akaniletea chai, nikakataa. Akaniletea mkate, nikakataa. "Mama Peres, umefunga Kwaresima au umenikasirikia?" Nikamwambia ukweli wote, kwa sababu Sista Benadeta alikuwa Mkisii na hakuwa na upande kwetu. Nilimwambia samaki ni samaki, na anayeshukiwa ni mtu, na nimekuja tumbo tupu ili dawa iseme yenyewe. Hakucheka. Aliweka kikombe chini akaenda kumwita daktari.

Daktari Kilonzo alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya. "Kumbe samaki umemla maisha yako yote?"

"Daktari, mimi nauza omena."

"Na ulipovimba dawa gani ilikuwa inaingia?"

Boke akanijibia, "Ile ya maji. Mimi niliona."

Akaandika kitu kwa faili yangu. Akasema hatanitia kama zamani. Atanichoma kwanza sindano za kuzuia, zile dawa mbili atazitenganisha, na ile ya kusimamisha uvimbe itakuwa mezani imeshavutwa tayari. "Na mimi sitatoka hapa," akasema. Nikamtazama mikono. Ilikuwa na wino.

Walianza na ile nyekundu. Moyoni nilikuwa na hakika ndiyo yenyewe, kwa rangi yake na vile ilivyonitisha chooni, nikafumba macho. Ikaingia yote. Hakuna kitu. Wakangoja, wakanipima, hakuna kitu. Nikamsikia Dorka nyuma yangu akishusha pumzi, na nilijua maana ya pumzi ile: basi ni Turfosa. Ndipo wakafungua chupa ya maji, pole kabisa, tone, unangoja, tone. Wodi nzima ilikuwa kimya. Hata kule kwa kibanda cha moshi walikuwa wamenyamaza, nafikiri Boke alikuwa amewatangazia. Kiganja cha kulia kikaniwasha. Sikusema. Nilitaka niwe na hakika kwamba si mimi ninayekiwasha kwa mawazo. Kisha cha kushoto. Kisha ncha ya ulimi ikawa nene, nikasema, "Daktari, inakuja."

Alifunga dripu kabla sijamaliza neno. Safari hii nilivimba kidogo tu, mdomo mmoja na kope, koo halikufunga. Sista Benadeta alinishika mkono mpaka mapele yakalala. Daktari Kilonzo akaitoa ile chupa akaiinua juu kwenye mwanga, akaitazama kama mtu anayetazama mwizi wa nyumbani. "Hii hatutakutia tena," akasema. "Iko nyingine ya kufanya kazi yake, nitaiagiza. Mama, samaki hana hatia."

"Hana hatia!" Boke akaruka kitandani. "Samaki ameshinda kesi! Dada wa mgonjwa, lipa samaki!"

Nililia. Watu walidhani ni maumivu. Dorka alinipangusa uso kwa ncha ya kitenge chake, polepole, akitazama pembeni, na baada ya muda akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Labda alikutia kitu kinachokaa mwilini. Kinachongoja dawa." Nikamtazama dada yangu. Nikaona haikuwa chuki. Alikuwa amenikuta nimevimba hadi siwezi kusema, alikuwa amehesabu kwamba mimi ndiye niliyebaki kwetu, na hofu ya namna hiyo lazima ipate mtu wa kumkalia. Chupa haina uso. Turfosa anao.

Nilirudi Rangwe dawa ile mpya ilipokwisha kuniingia na kunitapisha vya kutosha. Ilikuwa katikati ya mvua za masika. Njia nzima kutoka barabarani mahindi ya watu yalikuwa yamefika magotini, yamekolea, wanawake wanapalilia mara ya kwanza. Nilipofika kwetu nikaona shamba la Turfosa. Lilikuwa limelimwa, likasawazishwa, na halina kitu. Magugu madogo yalikuwa yameanza kuota juu ya udongo uliolainishwa. Nilisimama pale nikashika mti wa ua. Kwetu mke mdogo hapandi kabla ya mke wa kwanza kutia mbegu yake ardhini. Akimtangulia, ni kama amemzika. Yule ambaye angetaka niondoke angekuwa amepanda zamani, au angengoja kidogo tu apande kwa furaha. Huyu alikuwa ameacha mvua nzuri ya mwanzo ipite, akijua watoto wake watakosa cha kula mwezi wa saba, na hakugusa ardhi. Hilo hakumwambia Ochola kikaoni, wala hakuniambia mimi mlangoni.

Alitoka nyumbani kwake akaniona. Nyuma yake, kwa kizingiti, niliona nguo zake zimefungwa kwa shuka, furushi moja. Alinitazama midomo kwanza.

"Ulivimba?" akauliza.

"Nilivimba."

"Tumbo tupu?"

"Tupu kabisa. Ni dawa ya maji. Daktari ameitupa. Jioni nitakwenda kwa Ochola nimwambie, na wale wazee nitawaambia mmoja mmoja kwa majina."

Alikaa chini pale pale kwenye majani yenye maji. Hakusema asante, na mimi sikutaka aniambie. Nikasema, "Mbona hukupanda?"

"Ningepandaje, Mikayi? Ulikuwa hujapanda."

"Ningekufa je?"

"Basi ningejua umekufa."

Nikamwambia alete jembe na mbegu. Akasema nipumzike kwanza, nikasema mvua haipumziki. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa hauinuki tangu kisu, na wa kulia ulikuwa umechubuka kwa sindano, kwa hiyo yeye alichimba kwa shamba langu na mimi nikadondosha, punje kwa punje, yeye akifukia kwa kisigino, mstari mmoja tu, wa kutosha kwa desturi. Kisha akaingia kwake akapika, na alipotoka alikuwa na samaki. Aliiweka sahani mbele yangu, akakata kipande cha kwanza apeleke mdomoni kwake, kama mtu aliyejiapia kuonja kwanza kila chakula atakachonipa. Nikaushika mkono wake. "Wacha," nikasema. "Na ukae. Leo hujala njiani."

"Hata siku ile sikula," akasema. "Samaki alikuwa mmoja."

Tukala. Singesema kwamba hofu ilikuwa imeisha, maana nilitafuna polepole, ulimi ukisikiliza, na yeye alikuwa ananitazama midomo vile vile kama siku ile wodini, tonge kwa tonge, na sasa nilijua anatafuta nini: kama chakula kitanikubali. Nilimeza. Tukangoja pamoja, sisi wawili, bila kusema tunangoja. Viganja vyangu vilikuwa baridi.

"Amezidi chumvi," nikasema.

"Amezidi," Turfosa akasema, akachukua kipande kingine.